Tawi Njia Panda: Mwalimu, Lugha na Njia ya Misafara

Mhadhara kwa walimu wa lugha, Tabora



Nitaanza na daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili kuhusu biashara ya misafara. Kijana mmoja aliandika kwamba watemi wa njiani walikuwa wala rushwa wakubwa, kwa kuwa kila msafara uliopita walidai hongo, na kwamba laiti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ingekuwapo enzi hizo, wote wangefikishwa mahakamani. Nilicheka peke yangu. Nikatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, kubwa, nikageuza ukurasa.

Usiku ule alama yangu ilininyima usingizi. Hongo ya watemi ilikuwa ushuru wa njia. Mwenye msafara alitoa doti kadhaa za kitambaa cha merikani, shanga na nyaya za shaba, akapewa ruhusa ya kupita, kuteka maji na kununua chakula. Kijana alichukua neno la leo akalivisha watu wa jana, kwa hiyo alikosea historia. Lakini Kiswahili chake hakikuwa na kasoro yoyote. Nenda sokoni sasa hivi umwambie mtu umetoa hongo, uone kama atakuelewa kuwa umelipa ushuru. Basi alama yangu nyekundu ilikuwa ya kosa gani hasa? Na nani alinipa mamlaka ya kuitia?

Ndilo swali la leo. Tutalitafutia jibu kwa watu watatu: kiongozi wa msafara, mwalimu mmoja wa Kiingereza, na mwalimu mmoja aliyefundisha hapahapa Tabora.

Aliyetangulia mbele

Mji huu ulizaliwa na njia. Wenyeji husimulia kwamba jina lake latokana na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke, chakula kisichooza safarini. Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, baada ya kutembea kutoka pwani kwa zaidi ya miezi minne, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu waliyoyaita Kazeh. Huku njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na bunduki zikapanda. Wakapita na watu waliofungwa minyororo, na hilo tusilifunike kwa majani ya miembe.

Pamoja na mizigo hiyo kilipita Kiswahili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda Bagamoyo na kurudi alirudi na ujira wake wa nguo, na alirudi pia na lugha. Hakuna serikali iliyomwagiza ajifunze, wala hakuwa na kitabu. Alijifunza kwa sababu bila lugha hiyo asingeweza kupatana bei ya mtama huko Ugogo.

Mbele ya msafara alitangulia mtu ambaye wasafiri wa Kizungu waliandika cheo chake kirangozi, neno lililo ndugu wa kiongozi tunalotumia leo. Alivaa joho jekundu na kilemba cha ngozi au manyoya, na nyuma yake ilifuata bendera na ngoma. Ukimtazama haraka ungedhani ni mfalme. Lakini huyo mfalme alikuwa na mzigo begani kama wenzake, ingawa wake ulikuwa mwepesi. Alitoka miongoni mwa wapagazi, akaheshimiwa kwa sababu alikwisha kuipita njia ile.

Kazi yake moja ndiyo iliyonipa jina la mhadhara huu. Msafara mrefu hunyooka kama siafu. Wa mbele hamwoni wa nyuma. Basi walipofika njia panda, waliotangulia waliifunga njia isiyofaa. Walilaza tawi bichi kuikata, au walichora mstari mavumbini kwa mguu. Aliyechelewa kwa sababu ya kidonda au homa alifika pale peke yake, akaliona tawi, akajua wenzake wamepita upande gani.

Lile tawi halikuwa ukuta. Mbuzi angeweza kuliruka. Nguvu yake yote ilikuwa katika imani ya anayefuata kwamba aliyelilaza alipita hapa kabla yake, na alimfikiria.

Mwalimu wa Sedbergh

Machi 1858, Burton na Speke wakiwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huko Tonbridge kusini mwa Uingereza alizaliwa mtoto aliyeitwa Henry Watson Fowler. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu. Henry alikuwa wa kwanza kati ya ndugu wanane. Alisoma Rugby, kisha chuo cha Balliol huko Oxford, na mwaka 1882 akaajiriwa Sedbergh, shule ya bweni katika vilima vya kaskazini. Alifundisha Kilatini, Kigiriki na Kiingereza kwa miaka 17.

Angeweza kustaafia pale. Alitakiwa kupanda cheo awe mlezi wa bweni, lakini cheo hicho kilikuwa na sharti: mlezi awaandae vijana kwa kipaimara cha Kanisa la Anglikana. Fowler hakuwa na imani hiyo moyoni. Hakupiga kelele wala hakuanzisha mgogoro. Alisema tu kwamba hawezi kufundisha asichokiamini, na mwaka 1899, akiwa na miaka 41, akaacha kazi.

Alikaa London akiandikia magazeti na kupata kidogo. Mwaka 1903 akahamia kisiwa cha Guernsey, alikokuwa mdogo wake Frank akilima nyanya. Wakaishi jirani, nyumba mbili ndogo, wakafanya kazi kama mafundi wawili wa jahazi moja. Mwaka 1906 walitoa The King's English, kitabu kilichokusanya makosa ya lugha. Nao hawakuyaokota kwa watoto wa shule. Waliyaokota kwenye magazeti makubwa na kwa waandishi waliosifiwa. Ushauri wao wa mwanzo wowote kati yenu angeweza kuutoa darasani: chagua neno linalojulikana uliache la mbali, taja kitu chenyewe badala ya wazo lake, na penye neno moja usiweke matano. Mwaka 1911 wakatoa kamusi fupi ya Oxford, iliyoingia mifukoni mwa wanafunzi wa nchi nyingi.

Kisha vita. Mwaka 1915 Henry alikuwa na miaka 57. Alidanganya umri, akasema ana 44, akaandikishwa jeshini pamoja na Frank. Walipelekwa Ufaransa, lakini huko walipewa kazi za kuosha vyombo na kubeba makaa. Wakaandika barua ya malalamiko: ama tupelekwe mstari wa mbele tulikoahidiwa, ama turudishwe nyumbani. Hebu mfikirieni mwalimu mzee, mikono ina masizi, akidai neno litumike kwa maana yake: mliposema askari, mlimaanisha nini?

Frank alirudi na kifua kikuu, akafa mwaka 1918. Kazi waliyoipanga wawili ikabaki kwa mmoja. Henry aliimaliza, na mwaka 1926, akiwa na miaka 68, kikatoka A Dictionary of Modern English Usage. Alikitabaruku kwa mdogo wake. Alifariki Desemba 1933, na kitabu kinaendelea kuchapishwa mpaka leo.

Ukikisikia tu, utadhani ni kitabu cha kiboko. Ukikisoma, unakuta mwalimu anayecheka. Walimu wengi wa zama zake waliwakataza watoto kumaliza sentensi kwa kihusishi, kwa sababu Kilatini hakifanyi hivyo. Fowler aliliita katazo hilo ushirikina. Kanuni ambayo watu huiogopa bila kujua faida yake, kwake, ilikuwa hirizi: unaivaa shingoni, hujui ndani mna nini, na unaogopa kuifungua. Alizifungua moja moja. Zilizokuwa na kitu ndani alizitetea kwa nguvu. Zilizokuwa tupu alizitupa.

Kipimo chake kilikuwa nini? Kila mara alirudi kwenye swali lilelile: anayesoma ataelewa mara moja, au nitamsumbua bure? Mtu hajifunzi swali hilo maktabani. Alilipata katika miaka 17 ya kusahihisha madaftari usiku, akiona mtoto wa miaka 13 alipopotea na sababu ya kupotea kwake. Kama kirangozi, alibeba mzigo kwanza.

Mwalimu wa Tabora

Miaka ileile ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianzisha shule yake ya wavulana hapa Tabora, na watoto wa machifu wakapewa nafasi ya mbele. Mwaka 1937 alifika kijana kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni, na Kiingereza baadaye. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mtu aliyejifunza lugha kwa jasho huziona njia panda ambazo mzawa wake huzipita amelala.

Baada ya Makerere, Julius Nyerere aliitwa na shule mbili za mji huu: ile ya serikali aliyosomea, na St Mary's ya wamisionari. Ya serikali ililipa zaidi. Alichagua St Mary's. Mnamfahamu kama Rais. Leo naomba mmwone kijana mwalimu katika barabara za vumbi za Tabora, miaka ya 1940 inakwenda mwisho.

Baada ya masaa ya kazi, samahani, baada ya saa za kazi (mnaona, hata mimi), aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji huu, bila malipo. Kwa muda alifanya pia kazi ya mkaguzi wa bei. Aliingia dukani, akasoma bei iliyoandikwa, akailinganisha na bei halali. Aliporipoti udanganyifu na wakubwa wakanyamaza, aliacha kazi hiyo. Siwezi kufikiria maandalizi bora zaidi kwa mtu wa lugha. Mkaguzi wa bei na mwalimu wa lugha wanauliza jambo moja: kilichoandikwa hapa ndicho kilichomo ndani?

Mwaka 1949 aliondoka kwenda Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akalazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Akaacha ualimu. Kama yule wa Sedbergh, hakutaka kulipwa mshahara kwa kunyamazisha dhamiri. Kuna tofauti, nayo tusiifiche: mmoja alikwenda kuishi kisiwani na kamusi, mwingine alikwenda kuongoza nchi. Lakini chaki haikumtoka mikononi. Watu waliendelea kumwita Mwalimu.

Akiwa Rais alitoa tafsiri za Shakespeare. Mwaka 1963 ilitoka Julius Caezar. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, na jina jipya: Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi alikaa chini na kalamu akapitia kazi yake mwenyewe iliyokwisha kuchapishwa. Walimu, ni mara ngapi tumerudi kwenye kosa letu kwa wino uleule mwekundu tunaowapakia watoto?

Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi. Neno mabepari nalitazama kwa karibu. Katika jina la Shakespeare mfanyabiashara ni mmoja. Mwalimu akawafanya wengi. Tena hakuandika wafanyabiashara. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na kila msomaji alijua bepari ni nani: ni yule anayekula jasho la mwenziwe. Wako waliolalamika kwamba siasa imeingilia tafsiri. Lakini fungueni neno lenyewe. Bepari lilitoka Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu, asiye na sifa wala lawama. Basi jina lile lilikuwa na sakafu mbili. Juu ilisimama maana ya mwaka 1969, na chini yake maana ya zamani, iliyolingana sawasawa na ya Shakespeare. Tunaweza kubishana kama alichagua vyema. Hatuwezi kusema hakujua alipokuwa amesimama.

Matawi yetu

Tumerudi nyumbani. Sisi wa leo tulaze tawi wapi, na tuache njia wapi?

Nianze na suala. Magazetini na mikutanoni tunasikia "swala la maji", "swala zima la elimu". Swala ni mnyama wa porini, na kwa Waislamu ni ibada. Kijana anayeandika "swala la maji" anamwachia msomaji mnyama anayekunywa au mtu anayetawadha. Hapa herufi moja inatunza tofauti yenye faida. Laza tawi.

Kisha kupelekea. "Mvua kubwa imepelekea mafuriko." Kupelekea ni kumfikishia mtu kitu: mpelekee bibi matobolwa. Mvua imempelekea nani mafuriko? Tunayo kusababisha na kuleta, na wazee wangesema kwa urahisi zaidi: mvua imezidi, mito imefurika. Neno hili limeenea sana na huenda siku moja litashinda. Mimi bado nalaza tawi, kwa sababu anayelitumia mara nyingi anakwepa kusema nani kafanya nini.

Tatu ni ugonjwa ambao Fowler aliuandama sana: woga wa kurudia neno. Sikilizeni taarifa ya mpira. Sentensi ya kwanza Simba wameingia uwanjani. Ya pili Wekundu wa Msimbazi wamepata kona. Ya tatu Mnyama amekosa penalti. Sisi tunajua. Mgeni aliyejifunza Kiswahili mwaka jana anahesabu timu tatu, na bado Yanga hawajagusa mpira. Utani wa mashabiki una raha yake na sitaki kuuua. Lakini mwanafunzi wa sayansi anayeanza na "mmea", kisha "kiumbe hicho", kisha "uoto huo", kwa kuogopa tu kuonekana maskini wa msamiati, anampoteza msahihishaji. Kama ni mmea, sema mmea mpaka mwisho.

Na sasa hirizi. Wapo walimu wanaomfokea mtoto kwa kuandika neno lenye asili ya kigeni, kana kwamba Kiswahili kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kimenyolewa. Katika mji huu! Mji uliojengwa kwa doti za merikani, kitambaa kilichochukua jina la nchi kilikofumwa. Mji wa frasila za pembe na misafara. Ukiyatoa maneno ya wageni kwenye historia ya Tabora, msafara hauondoki. Ifungueni hirizi hiyo. Ndani ni tupu.

Tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, tuna kamusi, tuna vyuo. Navishukuru vyote. Lakini aliyechelewa njiani, yule mwenye kidonda mguuni, hakutani na baraza. Anakutana na mwalimu wake wa kidato cha pili.

Jambo la mwisho kuhusu tawi: linakauka. Kitabu cha Fowler kimekwisha kusahihishwa na wengine, mwaka 1965, mwaka 1996 na mwaka 2015, na kila mmoja aliondoa matawi ya njia ambazo siku hizi zinapitika. Hakuna aliyemtukana mzee kwa kufanya hivyo. Kirangozi wa kiangazi na kirangozi wa masika hawafungi njia zilezile.

Daftari

Turudi tulikoanzia. Daftari la yule kijana.

Asubuhi nililifungua tena. Alama nyekundu sikuweza kuifuta, maana wino haufutiki, lakini pembeni niliandika kwa kalamu ya bluu: "Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia. Iligeuka lini kuwa rushwa? Kaulize." Nikamrudishia.

Alikaa wiki nzima. Alikwenda kwa babu yake, mzee wa huku kwetu, asiyejua Fowler wala baraza. Akarudi na jibu katika ukurasa mpya, mistari miwili, mwandiko umelala kama mtama uliopigwa na upepo. Babu alisema hongo ya watemi ilitolewa mchana, mbele ya watu, na kila mtu aliihesabu. Iligeuka siku watu walipoanza kuitoa usiku.

Sijui kama wanahistoria watakubaliana na mzee yule. Mimi nilitia alama ya vema, kubwa kuliko ile ya kosa, na tangu siku hiyo ndivyo ninavyolifundisha neno hilo.